Tayari ya Mdomoni

Kila asubuhi, kabla ya chai, mimi na bibi tulikuwa na wimbo wetu. Bibi alisimama mbele ya gari la shule, mikono kiunoni, akaniuliza kwa sauti ya kuamsha majirani.

"Maji?"

"Tayari!"

"Mafuta ya breki?"

"Tayari!"

"Taa? Nati za magurudumu?"

"Tayari, tayari!"

"Haya, twende tukawabebe watu."

Watu wenyewe walikuwa watoto kumi na wanne wa darasa la awali, wengine bado wanavaa viatu kinyume. Bibi alikuwa dereva wa gari lile tangu mama yangu akiwa mwanafunzi. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kumgonga hata kuku.

Nyumbani naitwa Kiberiti. Bibi ndiye aliyenipa jina hilo, kwa sababu nikiguswa kidogo nawaka. Sioni aibu kulisema. Lakini kuna wiki moja niliwaka mpaka nikajiunguza mwenyewe, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Ilianza Jumatano. Mwalimu mkuu alikuwa njiani akienda shuleni kwa miguu, bibi akasimama na kumpakia. Akaketi mbele. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimempakata mtoto mmoja aliyekuwa akipenga makamasi kwenye mkono wa sweta yangu. Tulipofika kwenye mteremko wa kuingia shuleni, bibi akakanyaga breki.

Usukani ukaanza kutetemeka. Si kidogo, jamani! Ulitikisika, na mikono ya bibi ikatikisika pamoja nao, kuanzia vidoleni mpaka kwenye viwiko. Mwalimu mkuu hakutazama barabara. Aliikodolea macho ile mikono yenye mishipa iliyosimama. Gari lilipotulia, na mikono ikatulia. Mwalimu mkuu alishuka, akashukuru, akaenda zake huku akikuna kidevu.

Wakati wa mapumziko akaja Redio. Huyu ni mwanafunzi wa darasa letu, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu habari ikiingia sikioni mwake hailali.

"Jamani, mmesikia?" alitangaza katikati ya uwanja. "Bibi yake Kiberiti mikono inamtetemeka! Kazeeka! Mwalimu mkuu kamwambia alete funguo Ijumaa, basi, kazi imekwisha!"

"Nani kakwambia?" niliuliza.

"Nilipeleka madaftari ofisini. Masikio yangu hayana mlango."

Damu ilinichemka. Nilimkamata Redio kwenye kola ya shati, nikamtikisa mpaka kifungo kikaruka. "Haya, sasa wewe ndiye unayetetemeka! Na wewe umezeeka?" Mwalimu wa zamu alitutenganisha, nikaambulia kufagia madarasa mawili. Nilifagia kwa hasira hata vumbi likarudi nilikolitoa.

Jioni nyumbani nilibwaga sufuria juu ya jiko.

"Sufuria imekukosea nini?" bibi aliuliza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anashona sare yangu.

"Ni kweli, bibi? Wanakunyang'anya gari?"

"Hawaninyang'anyi. Gari ni la shule. Mwalimu mkuu kaniambia vizuri tu, 'Mama, umetutumikia, lakini wale ni watoto wa watu.' Na kweli ni watoto wa watu."

"Vizuri gani huko! Hata hakukuuliza!" Nilimsogelea. "Hebu tunga uzi kwenye sindano."

Bibi alinitazama, akalamba ncha ya uzi, akautia kwenye tundu la sindano mara moja tu. Mkono haukutikisika hata chembe.

"Si unaona!" nilipiga kelele. "Mikono mizima hiyo! Ni gari!"

Bibi alitikisa kichwa polepole. "Gari halina kosa, mjukuu wangu. Diski za breki za mbele nilizibadilisha mwenyewe likizo iliyopita. Pedi zinazozibana ni mpya. Nati nilizikaza kwa mkono wangu. Habu ulizisafisha wewe, ukaniambia tayari. Sasa kizee kilichobaki kwenye gari lile ni kipi? Ni mimi." Akaisukuma birika ya chai upande wangu. "Nimiminie. Sitaki kujiunguza."

Nilimimina chai, na nilipokuwa nikimimina lile neno habu likanirudia.

Habu ni lile bamba la chuma ambalo diski ya breki hulalia kabla gurudumu halijafungwa. Likizo ile, bibi alipong'oa diski za zamani, habu zote mbili zilikuwa zimejaa kutu. Magoti yalikuwa yakimsumbua. Akanipa brashi ya waya, akasema, "Sugua mpaka chuma king'ae. Diski haitaki kulalia uchafu." Ya kulia niliisugua mpaka ikang'aa. Nilipofika kwenye ya kushoto, wenzangu wakaniita kutoka njiani, mpira wa pete ulikuwa umeanza na timu yangu ilikuwa pungufu. Niliipuliza ile habu, puu! Nikaipangusa kwa kitambaa. "Tayari, bibi!" Bibi hakuinama kukagua. Alipachika diski mpya juu yake, mimi nikakimbilia mpira. Sikuwahi kulikumbuka jambo hilo tena mpaka jioni ile.

Mtadhani nilisema palepale. Wapi! Niliikimbilia hasira, maana hasira ni mahali pazuri pa kujificha. Nilimlaumu Redio, nikamlaumu mwalimu mkuu, nikalaumu hata mteremko. Kisha nikasema, "Kesho twende kwa fundi, bibi. Lazima twende!" Nilijiambia kwamba fundi ataona kosa ni la gari, bibi atabaki na kazi yake, na mimi sitahitaji kufungua mdomo.

Fundi wetu anaitwa Subiri. Jina lake halisi silijui. Ukimwuliza lolote, jibu lake la kwanza ni "subiri", ndiyo maana. Karakana yake ni banda la mabati, sakafu nyeusi kwa oili, lakini spana zimetundikwa ukutani kwa mpangilio, kila moja imechorewa umbo lake ili ikikosekana ijulikane. Tulifika Alhamisi baada ya masomo.

"Fundi, sikiliza," bibi alisema bila kuzungusha maneno. "Nikikanyaga breki, usukani unatetemeka. Wanasema ni mikono yangu. Niambie ukweli, usinionee huruma."

"Subiri, mama. Nipe funguo."

Aliketi kwenye usukani mwenyewe. Bibi alikaa kando yake, mimi nyuma. Tulikwenda mpaka kwenye barabara tupu nyuma ya karakana, fundi akaongeza mwendo, kisha akakanyaga breki taratibu. Trrrrrr! Mikono ya fundi, iliyo minene kama michi, ikatetemeka vilevile.

"Na mimi nimezeeka, mama?" aliuliza.

Bibi hakucheka. "Rudia," alisema. Fundi akarudia. "Rudia tena." Alipomaliza mara ya tatu, bibi aligeukia dirishani, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Yalikuwa machozi ya furaha.

Fundi akaendelea. Safari hii alikwenda polepole sana, hakugusa breki ya mguu, akavuta breki ya mkono. Gari likasimama kimya, bila kutikisika. "Breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma," alitueleza. "Kwa hiyo nyuma hakuna kosa. Ugonjwa uko mbele."

Tuliporudi karakanani aliinua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya vigingi vya chuma. Alishika kila gurudumu la mbele na kulisukasuka, hakuna kilicholegea. Akatoa magurudumu, akarudisha nati ili zizishikilie diski. Kisha akaweka kipimo chenye mshale kama wa saa, ncha yake ikigusa uso wa diski. Alizungusha diski ya kulia. Mshale ulitulia. Akahamia kushoto, akazungusha. Mshale ukapanda, ukashuka, ukapanda, ukashuka.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Diski hii inayumba," fundi alisema. "Ni kama sahani iliyowekwa juu ya punje ya mchele. Ikizunguka, upande mmoja unagusa pedi hata dereva asipokanyaga breki. Wiki baada ya wiki inalika, hapa nene, pale nyembamba. Ukikanyaga, pedi zinapanda na kushuka, na usukani unatikisika." Akafuta mikono. "Mama, nani alisafisha habu?"

"Mjukuu wangu huyu."

"Ilisafishwa vizuri?"

"Aliniambia tayari," bibi alisema, tena kwa kujivuna. "Huyu akisema tayari, ni tayari."

"Basi kama habu ni safi, diski ilitoka dukani ikiwa imepinda."

Loo! Bibi alipanda mori. "Yule kijana wa duka la vipuri! Kumbe ananiuzia takataka! Mimi nalala nikiilaani mikono yangu, kumbe ni yeye!" Alichomoa simu, akapiga, akaanza kufoka kabla hata ya salamu. Alimwita mwizi. Alimwita muuaji wa watoto. Nilisikia sauti ya yule kijana ikitoka kwenye simu, ndogo, ya unyenyekevu, "Lakini mama, nilizipima mbele yako, ukaziona zimenyooka..."

"Usiniite mama!"

Yule kijana alikuwa anajitetea kwa sauti ileile aliyoitumia bibi jana yake aliposema wale ni watoto wa watu. Sauti ya mtu anayeanza kujishuku bila kosa. Sikuweza kuvumilia.

"Bibi, kata simu."

"Nini?"

"Kata simu! Si yeye! Ni mimi!"

Nikayamwaga yote, mpira wa pete, kupuliza, kitambaa, tayari. Nilikuwa nalia na kupiga kelele kwa pamoja. Fundi Subiri alichukua spana. Alifungua nati, akavuta diski. Pale chini, juu ya habu, palikuwa na magamba ya kutu, na moja lilikuwa limebanwa mpaka likalainika, ukubwa wa mbegu ya tikiti. Alilibandua kwa ncha ya bisibisi, akaliweka kwenye kiganja cha bibi.

Bibi aliligeuza kwa kidole. Kisha akainua simu, ambayo ilikuwa bado haijakatika. "Mwanangu," alisema, "nisamehe. Nimekutukana bure. Nitakuja dukani kukuomba radhi ana kwa ana." Akaikata. Ndipo akanigeukia. Sijawahi kuona macho yale, na nisingependa kuyaona tena.

"Kutu hailaumiwi," alisema. "Kutu ni kazi yake kukaa kwenye chuma. Na uvivu ningekusamehe, mtoto ni mtoto, mpira ni mtamu. Lakini jana niliketi mbele yako nikasema nimezeeka. Niliogopa kumimina chai! Nimeiogopa mikono hii iliyokuosha ulipozaliwa! Na wewe ulikuwa unajua. Ukamimina chai, ukanyamaza."

Nilijifuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Chukua brashi," bibi alisema.

Nilisugua ile habu mpaka vidole vikachubuka. Fundi akasema inatosha. Bibi akasema bado. Nikasugua tena. Fundi aliporudisha diski na kuizungusha, mshale ukawa hauchezi tena kama mwanzo, nikaruka kwa furaha. "Imepona!"

"Subiri," alisema fundi. Akapima unene wa diski kwa kipimo kingine, sehemu moja baada ya nyingine. "Uchafu umeondoka, lakini diski imekwisha kulika vibaya. Itatetemeka vilevile. Lazima ikachongwe kwenye mashine ili unene uwe sawa kote, na mwenye mashine yupo kesho mchana."

"Kesho mchana? Kesho asubuhi ndiyo wanachukua funguo!"

"Umesikia?" bibi aliniambia. "Kusafisha leo hakufuti ulichokiacha juzi." Kisha akamgeukia fundi. "Lifunge hivyohivyo. Asubuhi nitalipeleka shuleni polepole, tupu. Na wewe, Kiberiti, utaingia ofisini peke yako."

Ijumaa asubuhi nilibisha hodi kwenye ofisi ya mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Una nini?"

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Unampenda bibi yako, naelewa. Lakini mimi niliiona mikono kwa macho yangu."

Hapo Kiberiti akawaka, sikuweza kumzuia. "Uliiona, mwalimu, ni kweli. Lakini hukumuuliza! Hata mimi nilikuwa najua nikanyamaza, na ninaona aibu. Tafadhali, njoo nje ujaribu mwenyewe."

Nilidhani atanipa adhabu. Alivaa miwani, akasimama.

Bibi alikuwa anasubiri kando ya gari, amenyooka. "Ulisema nilete funguo Ijumaa," alisema, "hizi hapa. Lakini kabla hujaziweka mfukoni, endesha."

Uwanja ulikuwa mtupu. Vichwa vilijaa madirishani, cha Redio kikiwa mbele ya vyote. Mwalimu mkuu alizunguka uwanja mara moja, akaongeza mwendo kidogo, akakanyaga breki. Usukani ukamtikisa mpaka miwani ikamteremka puani. Akajaribu tena. Ikateremka tena.

"Pole, mwalimu," bibi alisema kupitia dirishani, uso mkavu. "Uzee ndivyo unavyoanza."

Madarasa yote yalilipuka kwa kicheko, hata mwalimu wa zamu aligeukia ukutani. Mwalimu mkuu alishuka. Hakucheka. Alimrudishia bibi funguo kwa mikono miwili.

"Nilipaswa kukuuliza kwanza, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe," bibi alijibu. "Hasira bado ninayo, lakini itakwisha."

Redio alinifuata huku amekiweka kidole kwenye tundu la kifungo nilichomkatia. "Kiberiti, sasa nitangaze nini?"

"Kwanza nisamehe kwa shati lako. Kisha tangaza kwamba kosa lilikuwa langu."

"Lote?"

"Lote. Usipunguze."

Hakupunguza hata kidogo. Kufikia saa sita, hata mpishi wa shule alikuwa anajua habari za mpira wa pete.

Mchana diski ilichongwa. Fundi aliirudisha juu ya habu safi, akafunga pedi nyingine, akakaza nati kwa kukingamana, moja ya juu, kisha ya upande wa pili, si kwa kuzifuata duara. Bibi akaendesha kwenye ile barabara tupu, akakanyaga breki. Usukani ulitulia tuli. Mimi nilikuwa nyuma, nikashangilia peke yangu. Bibi hakugeuka. Siku mbili nzima alinisemesha ya lazima tu, funga mlango, lete chumvi. Niliona bora angenichapa.

Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Maji?"

Nilikuwa nimeyatazama. "Tayari."

"Mafuta ya breki?"

"Tayari."

"Taa?"

"Tayari."

"Nati?"

Ulimi ukakimbilia njia yake ya siku zote, nikaung'ata. "Bado, bibi. Sijazishika."

"Watoto watatusubiri."

"Najua. Bado."

Nilichukua spana, nikazunguka gurudumu moja baada ya jingine, nikajaribu kila nati. Bibi alinifuata nyuma. Nilipomaliza la nne nikainuka, jasho likinitoka. "Sasa tayari."

Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, alinishika bega. Mkono wake ulikuwa mzito na umetulia.

"Sikiliza, Kiberiti, nitasema mara moja tu. Bado ya kweli itatuchelewesha dakika tano, basi. Tayari ya mdomoni ilitaka kuninyang'anya mikono yangu, na siku nyingine ingeweza kutumaliza sote na watoto wa watu ndani. Anayekuamini hainami kukagua. Kwa hiyo ukimdanganya mtu wa namna hiyo, umemfunga macho kabla hajashika usukani." Akafungua mlango wa gari. "Na nikikuuliza kitu ukaniambia bado, sitakugombeza. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Haya, ingia. Twende tukawabebe watu."